Taimingi ya moto kwenye DT, XL na pikipiki nyingine za porini: tulioko Mtwara na Lindi tuelekezane

#1 Mchangani_Mikindani

Wakuu, habari za majukumu.

Nina Yamaha DT125, tustroki (injini ya mapigo mawili) ya kupozwa na upepo, niliinunua mkononi kwa mtu wa Nanyamba. Naifanyia biashara ya samaki, kwa hiyo karibu kila alfajiri naelekea Msimbati. Kwenye barabara ngumu inakwenda vizuri. Ikiingia mchangani, gia ya pili, mzigo upo nyuma, inakuwa nzito, inachemka kupita kawaida, na nikiibana mafuta inatoa mlio wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Asubuhi kiki inarudisha mguu kwa nguvu, juzi nusura initegue kifundo.

Kabla ya hapo kuna fundi alifungua upande wa magneti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme wa cheche), akaizungusha ile sahani yenye koili, akaniambia "nimekupelekea taimingi mbele, sasa itavuta". Na kweli mwanzoni ilivuta. Sasa hivi naogopa itanoki (pistoni kukwama kwenye silinda) porini nikiwa na ndoo za samaki.

Naomba kujua: narudisha vipi, na nitajuaje kwamba imekaa sawa? Taa ya taimingi sina. Nawasilisha.

#2 Rondo_Juu

Mkuu, usirudishe nyuma. Mimi nipo Lindi, mlima wa Rondo naupanda na tustroki yangu na magunia mawili. Taimingi nimeipeleka mbele hadi skrubu zimegota mwisho wa tundu. Ikiwa nyuma pikipiki inalala. Hiyo yako tatizo ni mafuta ya chupa unayonunua njiani. Badilisha mafuta, halafu weka plagi mpya.

#3 FundiMagneti

Mchangani, soma hii kwanza kabla hujashika spana. Nitaandika kirefu kwa sababu hili jambo limeua pistoni nyingi huku kwetu na linaweza kuzuilika.

Plagi haipigi moto pistoni ikiwa juu kabisa. Inapiga kabla, na huo wakati ndio taimingi; kuipeleka mbele ni kuiwahisha cheche. Mchanganyiko wa hewa na petroli hauwaki wote kwa mara moja, moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa, na huo msambao unahitaji muda. Tunachokitaka ni kwamba msukumo mkubwa kabisa uikute pistoni imeshavuka juu na imeanza kushuka, digrii kama 10 hadi 20 hivi za mzunguko wa krenki. Hapo ndipo konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, inausukuma krenki vizuri.

Sasa angalia hesabu. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, krenki inapita digrii 9 kwa kila milisekunde moja. Ikifika mara 6,000 inapita digrii 36 kwa muda huohuo. Ndiyo maana cheche inabidi iwahi, na ndiyo maana kuwahi huko kuna kipimo chake.

Ukiiwahisha kupita kiasi, moto unawaka pistoni ikiwa bado inapanda. Msukumo unakutana nayo njiani. Ukipiga kiki, mguu unarudi: ndiyo hiyo yako ya asubuhi. Ukiwa kwenye mzigo, mchanganyiko ambao moto haujaufikia unabanwa na kupashwa joto hadi unalipuka wenyewe: ndiyo huo mlio wa kokoto. Kila mlipuko wa namna hiyo unaumega uso wa pistoni kidogo kidogo, hasa ukingoni, na joto linapanda. Pistoni inavimba ndani ya silinda, inakwaruza, inanoki.

Ukiichelewesha kupita kiasi, unapata kinyume chake. Injini inakosa nguvu ya kuanzia, sehemu kubwa ya moto inamalizikia kwenye ekzosi, bomba linawaka joto karibu na silinda, na ukiachia mafuta ghafla inapigapiga risasi nyuma.

Na mchanga ndio mahali pabaya zaidi pa kuwa na taimingi iliyozidi mbele. Mchangani injini inavuta mzigo mkubwa lakini pikipiki inatembea polepole, kwa hiyo upepo wa kupoza mapezi ya silinda haupo. Mzigo, joto, upepo hakuna: vyote vinasukuma kwenye kugonga. Ndiyo maana barabara ngumu huioni shida na Msimbati unaiona.

Cha kufanya. Fungua kifuniko cha upande wa kushoto. Nyuma ya magneti kuna sahani iliyobeba koili, imeshikwa na skrubu mbili au tatu. Kwenye matoleo mengi sahani ina alama iliyochongwa kiwandani, na kwenye bloku kuna alama nyingine. Alama ikikaa kwa alama, hiyo ndiyo taimingi ya kiwandani. Fundi wako akizungusha, alama zimeachana. Zirudishe zikutane, kaza, jaribu. Kwa mtu asiye na kifaa chochote, hapo umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Zingatia lakini: DT125 zimetoka matoleo mengi, za upepo na za maji. Baadhi sahani yake ina matundu ya duara kabisa, haizunguki. Ukiikuta mtu ameyachonga kwa tupa ili izunguke, ujue hapo pameshaharibiwa.

Nitarudi kueleza jinsi ya kupima.

#4 Mchangani_Mikindani

Fundi, Mungu akubariki. Nimefungua mchana huu. Alama ya kwenye sahani naiona, ile ya kwenye bloku imepigwa patasi, kuna mikwaruzo mitatu na sijui ipi ni ya kweli. Matundu ya skrubu ni marefu, ya kiwandani, hayajachongwa.

#5 FundiMagneti

Basi lazima upime. Usikisie.

Kwanza tafuta juu kabisa ya pistoni, na usitumie kijiti cha ufagio kwenye tundu la plagi. Pistoni ikifika juu inakaa karibu haisogei kwa digrii kadhaa, jicho haliwezi kuona katikati ni wapi. Fanya hivi. Chukua plagi iliyokufa, vunja kaure ya ndani uitoe yote, kwenye kile chuma kilichobaki weka bolti ndefu yenye ncha ya mviringo, ifunge isicheze. Hiyo ni breki ya pistoni. Ifunge mahali pa plagi pistoni ikiwa chini.

Kisha nenda steshenari wakuchapie duara lenye digrii 360, kubwa iwezekanavyo, ubandike kwenye boksi gumu na ulifunge kwenye magneti. Kata waya mgumu, ufunge kwenye bolti ya bloku uwe mshale. Zungusha magneti taratibu kwa mkono hadi pistoni iguse bolti, andika namba. Zungusha upande wa pili hadi iguse tena, andika. Katikati ya hizo namba mbili ndipo pistoni ilipo juu kabisa. Zungusha kwa upole, hapo hakuna haja ya nguvu.

Ukishapata, toa ile breki, rudisha magneti kinyume na mzunguko wake hadi kipimo cha kitabu cha toleo lako, halafu weka doa la tipeksi kwenye magneti mbele ya mshale. Doa hilo ndilo utakalolitazama kwa taa.

Kwa wenye geji ya saa ya kupimia milimita, vitabu vingi vya tustroki vinatoa taimingi kwa milimita kabla ya juu. Nipige mfano: mwendo wa pistoni wa DT125 ni milimita 50. Tuseme konrodi ni milimita 100 kutoka kitovu hadi kitovu. Digrii 18 ni milimita 1.52, digrii 20 ni 1.87, digrii 22 ni 2.26. Unaona? Digrii mbili hazifiki hata nusu milimita. Na kama tundu la plagi limelala upande, geji iliyoingia kwa mshazari itasoma uongo.

Taa ya taimingi mjini utaipata. Magereji yanayotengeneza magari ya petroli ya zamani bado wanazo, omba kuazima kwa saa moja ukiacha kitu cha dhamana. Usiiunge kwenye betri ya pikipiki, tumia betri ya gari iliyokaa pembeni. Kibanio chake kishike waya wa plagi. Washa injini, mulika. Doa likisimama mbele ya mshale kwenye mzunguko uliotajwa na kitabu, umefika.

Likiwa halipo, legeza skrubu za sahani. Kuizungusha sahani kinyume na mzunguko wa magneti kunapeleka mbele. Kuizungusha kufuata mzunguko wa magneti kunachelewesha. Ukiitazama DT kutoka kushoto, magneti inazunguka kinyume na saa, kwa hiyo sahani kufuata saa ni mbele. Hakikisha mwenyewe kwa kupiga kiki polepole plagi ikiwa nje. Na kumbuka sahani yenye upana wa milimita 100, ukingo ukisogea milimita moja tayari umebadilisha zaidi ya digrii moja. Sogeza kidogo sana.

Jambo jingine. Ikibidi kutoa magneti, tumia pula yake (kifaa cha kuivuta). Nyundo na bisibisi mbili zinapinda ncha ya krenki na kupasua sumaku.

#6 Rondo_Juu

Fundi, nakuheshimu, ila kuna kitu hujakigusa. Wanaoshindana kwenye matope wanapeleka mbele ili pikipiki iwe kali. Mbona wao hawanoki? Na mimi yangu inapanda Rondo vizuri tu.

#7 FundiMagneti

Swali zuri, mkuu, na wengi wanalo.

Wa mashindano anatumia petroli isiyogonga kirahisi, anachagua hedi (kifuniko cha silinda) na jeti (kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) kwa kila uwanja, na injini anaifungua kila baada ya muda mfupi. Halafu tazama sidiai (CDI, kifaa cha umeme kinachoamua wakati wa cheche) ya tustroki za mashindano: mzunguko ukipanda sana, inachelewesha cheche, haiwahishi. Sababu yake ni ekzosi. Cheche ikichelewa, gesi inatoka ya moto zaidi, mawimbi ndani ya lile bomba nene yanakwenda kasi zaidi, na pikipiki inaendelea kuvuta huko juu. Kwa hiyo hata wao "mbele" yao ni ya chini na katikati, na ni ya digrii chache zilizopimwa.

Wewe umefikisha skrubu mwisho wa tundu. Hujui ni digrii ngapi, na petroli ya chupa kijijini hujui imechanganywa na nini. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli, uwezo wake wa kuhimili kubanwa bila kulipuka unashuka. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa sababu ya uchakachuaji, na hali ilibadilika, lakini chupa ya njiani bado haina mtu wa kuidhamini. Taimingi iliyovumilika kwa petroli safi ya kituoni itagonga kwa hiyo ya chupa.

Nakuomba ufanye kitu kimoja tu. Panda Rondo na mzigo wako wa kawaida, ukifika juu zima injini ikiwa bado inavuta, usiiache ilale. Ikipoa toa plagi, tazama kaure nyeupe kwa jua kali, ukiwa na kioo cha kukuza kama kipo. Ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa kama vumbi la fedha, hiyo ni alumini ya pistoni yako. Injini haijanoki bado, lakini imeshaanza kuliwa.

#8 BibiShamba_Tandahimba

Mimi natumia Honda XL125, fostroki (mapigo manne), kwenda kwa wakulima wa korosho. Kipindi cha kupuliza salfa kwenye mikorosho nakuwa barabarani siku nzima. Ina tatizo: asubuhi inawaka vizuri, baada ya saa moja hivi ikipata joto inazima yenyewe, kiki haishiki, ikikaa kivulini nusu saa inawaka tena. Fundi wa hapa anasema ni taimingi. Nifuate hatua hizohizo?

#9 FundiMagneti

Dada, hapana. Taimingi mbovu haingoji joto la saa moja halafu ipone kivulini. Hiyo ni koili, ama ya kuzalisha umeme ama ile ndogo ya kutoa ishara. Waya wake wa ndani umekatika mahali, ukipoa unagusana, ukipata joto unaachana. Apime kwa mita ikiwa baridi, kisha apime tena palepale inapozima. Kipimo kikiruka, ameipata. Apime na koili ya plagi, na aangalie kama tundu la hewa la kifuniko cha tangi halijaziba vumbi, maana nalo huzima injini baada ya mwendo. Akikusogezea taimingi atakuwa amekuongezea tatizo la pili.

Ila kwa kuwa una Honda, wewe una bahati. Kwenye magneti yako kuna herufi T na F. T ni pistoni juu kabisa, F ni mahali cheche inapotakiwa kutokea injini ikilala, yaani ikizunguka polepole bila kupewa mafuta. Mbele kidogo kuna mistari miwili, hapo ndipo cheche inapotakiwa kufika ukipandisha mzunguko. Mulika kwa taa, pandisha mafuta taratibu, utaona alama inahama kutoka F kwenda kwenye ile mistari. Isipohama, kifaa kinachowahisha cheche hakifanyi kazi, na hapo kuzungusha sahani hakusaidii.

Kwa fostroki pistoni inafika juu mara mbili kwa kila moto mmoja. Ukitafuta T kwa ajili ya valvu, hakikisha valvu zote mbili zimelegea.

Niseme na hili, kwa sababu linanigusa. Mafundi wengi wa huku magneti tumeijulia kwenye blowa, zile mashine za kupulizia salfa. Juni ikifika kila kijiwe kina blowa imefunguliwa. Lakini kwenye blowa nyingi taimingi imefungwa na kii (kipande kidogo cha chuma kati ya magneti na krenki), kazi ya fundi ni kuweka nafasi ya koili na sumaku kwa kipande cha karatasi ngumu, basi. Kijana akihamia kwenye DT anakuta sahani inazunguka, hajawahi kuiona, anaizungusha hadi pikipiki isikike kali. Sauti kali siyo kipimo. Hawa vijana wana mikono mizuri sana, wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha taa na duara la digrii mara moja tu. Wenye gereji tufanye hivyo.

#10 BibiShamba_Tandahimba

Asante sana fundi. Nitampelekea haya maelezo na mita ya shule nitaazima.

#11 Mchangani_Mikindani

Wakuu, mrejesho.

Breki ya pistoni nimechongewa na mchomeleaji. Duara nimelichapa, nimelipima mara kwa mara hadi namba zikawa zinajirudia zilezile. Taa nimeazima gereji moja ya mjini. Nilipomulika, moto ulikuwa unapigwa digrii kama 7 kabla ya kipimo cha kitabu. Saba! Nimerudisha sahani hadi doa likasimama kwenye mshale, nimekaza, nimemulika tena maana mara ya kwanza ilipokazwa ilihama kidogo.

Leo nimekwenda Msimbati na ndoo zote. Kiki haijarudisha. Kokoto hazipo. Joto limepungua. Ila mchangani bado naona ni nzito kuliko DT ya mwenzangu, na nikisimama sailensa (mzunguko wa injini nikiwa nimeachia mafuta) inabaki juu kidogo kabla ya kushuka.

#12 FundiMagneti

Kazi safi sana, mkuu. Na umefanya vizuri kumulika tena baada ya kukaza, watu wengi wanaliruka hilo.

Mzunguko kubaki juu baada ya kuachia mafuta: injini inavuta hewa mahali. Ulipofungua magneti, nyuma ya sahani palikuwa pakavu au pana oili nyeusi inayonata? Pale kuna sili ya krenki. Tustroki inatumia chumba cha krenki kama pampu, sili ikichoka inanyonya hewa kutoka upande wa magneti, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, nguvu inapungua. Dalili zake zinafanana sana na taimingi iliyozidi mbele, na inawezekana ndizo zilizomfanya mtu wa kwanza aanze kuzungusha sahani. Angalia pia mpira kati ya kabureta na silinda, ukiukunja utaona nyufa.

Uzito uliobaki mchangani tafuta kwenye sprokoti. Mwenzako anaweza kuwa ana ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Huo ndio uwezo wa kuvuta unaonunuliwa kwa pesa ndogo bila kuigusa pistoni.

#13 Rondo_Juu

Fundi, nimetazama plagi yangu. Vidoa vipo. Vinang'aa kabisa. Kesho narudisha.

#14 FundiMagneti

Rudisha kaka, na kabla hujapiga mzigo tena toa hedi uangalie ukingo wa pistoni upande wa ekzosi. Ukiwa umechimbikachimbika juu tu, unaweza kusafisha na kuendelea. Ukikuta ringi imeshikwa kwenye mfereji wake, usipande mlima na hiyo.

#15 Newala_Kileleni

Samahani kuingilia. Sisi tuko juu, mita kama 700 hivi kutoka usawa wa bahari. Nikiweka taimingi Mtwara mjini inatakiwa nibadilishe nikirudi Newala?

#16 FundiMagneti

Huna haja. Huko juu hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 7 kuliko pwani, mchanganyiko unawaka polepole kidogo, injini inavumilia cheche ya mapema kuliko ya pwani. Ni tofauti ndogo, na wewe unapanda na kushuka. Ukiiwahisha kwa ajili ya Newala, siku unashuka Mtwara na mzigo itagonga. Acha kipimo cha kitabu, ukitaka kurekebisha kitu rekebisha jeti.

#17 Newala_Kileleni

Nimekupata. Na hizi pikipiki za kichina za fito (valvu zinasukumwa na fito), za bodaboda, tunaweza kuwahisha? Yangu imekosa nguvu ghafla, jana ilikuwa nzima.

#18 FundiMagneti

Hizo nyingi koili ya ishara imefungwa nje ya magneti kwa bolti mbili, haina pa kusogea, na sidiai ndiyo inayoamua. Taimingi yake ikibadilika ghafla, shuku vitu viwili. Moja, kuna mtu amekuwekea sidiai ya pikipiki nyingine kwa kuwa soketi imeingia. Pili, na hii ndiyo ninayoishuku kwako: kii ya krenki imekatika.

Magneti inakaa kwenye krenki kwa ule mwembamba wa ncha, kama koni, ndio unaoishika. Kii kazi yake ni kuonyesha mahali tu. Nati ikilegea, magneti inateleza, kii inakatwa nusu, na taimingi inahama digrii nyingi kwa sekunde moja. Toa magneti kwa pula, tazama kii. Ikiwa imejikunja hata kidogo, weka mpya. Kabla ya kurudisha, futa koni zote mbili kwa petroli hadi zikauke kabisa, pasibaki oili wala grisi, kaza nati kwa nguvu inayotakiwa. Kama koni ina mikwaruzo, isage kwa ile dawa ya kusagia valvu, magneti ikiwa juu yake bila kii, kisha osha vizuri. Usiwashe kabla hujaosha, ile dawa ikiingia kwenye beringi ya krenki inaimaliza.